Kikombe Nilichompa Mgeni

Ruiru, Jumapili baada ya kanisa

Mwalimu wangu Njuguna,

Huko uliko sidhani kama kuna posta, na hata ingekuwepo, wewe hukuwa mtu wa kujibu barua mapema. Sikudai jibu. Nakuandikia kwa sababu kuna neno lililonikwama kooni siku zote nilizokaa kando ya kitanda chako kule hospitalini Thika, nalo nimelitoa wiki hii mbele za watu. Wa kwanza kulisikia ulipaswa kuwa wewe. Najua naanza na mwisho. Ungeniambia kama kawaida yako, "Wekesa, panga hadithi." Haya, nitapanga.

Habari za hapa kwanza. Shule ingali palepale kando ya mashamba ya kahawa, na paa la darasa la tatu lingali linavuja juu ya ubao. Tumeshindwa kulitengeneza, kwa hivyo tumehamisha ubao. Mwalimu mkuu aliyeletwa badala yako ni mtu mpole, hana neno na mtu, na watoto wamemzoea upesi. Mimi ndiye sijamzoea. Anapofungua ofisi asubuhi mimi husubiri kikohozi chako, na nisipokisikia namkasirikia bure, maskini, naye hajui kosa lake. Mkeo, Mama Nyokabi, yu mzima. Amekonda, lakini ni mzima. Nyokabi wako ameota meno mawili ya mbele na anawaonyesha watu bila kuombwa, hata padri alionyeshwa katikati ya sala.

Ni miezi kumi sasa tangu ufe. Nimeliandika hilo neno, na imenibidi niweke kalamu chini, nitoke nje kidogo. Nimerudi.

Habari mbaya ni moja. Wambui aliacha shule. Namsema Wambui yule wa darasa la nne, yule uliyemteremsha mlimani mgongoni. Tangu tulipokuzika hakurudi hata siku moja. Watoto wenzake walianza kusema kwamba Mwalimu alikufa kwa ajili ya kiatu cha Wambui, na unajua watoto, neno likiwaingia mdomoni halitoki. Wakubwa nao hawakuwakanya. Wengine walilisema wenyewe wakiwa kwenye kahawa, wakidhani mtoto hasikii. Akabaki nyumbani na shosho wake, yule bibi aliyemlea, akichuma kahawa na kuteka maji. Mimi nilijua kwa nini ulikufa, na nilijua si kiatu, na nilinyamaza. Mwalimu, nilinyamaza miezi kumi.

Nianze pale ulipoanza wewe. Ilikuwa Julai ya mwaka jana, asubuhi moja baada ya mvua, mbingu safi. Ulinisimamisha nje ya darasa ukanionyesha mlima, mweupe kileleni, umekaa pale mbali juu ya Thika. Ukasema, "Hawa watoto wanauona tangu wazaliwe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuugusa. Likizo watoto wa Wazungu wanakwenda kupiga kambi kule. Wetu wanakwenda kwenye kahawa." Nilidhani unazungumza tu, kumbe ulikuwa umekwisha andika barua ya kuomba ruhusa ya kuingia hifadhi ya mlima, na mahema umekwisha kuyaazima kwa meneja wa shamba. Yale mahema mawili yaliyonuka mafuta ya taa! Ulisema harufu ile itafukuza chui. Mimi nikasema itatufukuza sisi kwanza.

Barua za ruhusa zilikuchukua wiki mbili. Kuwashawishi wazazi kulikuchukua jioni moja, lakini ilikuwa jioni ngumu kuliko wiki zile mbili. Nilikuwepo. Walikusikiliza wote, kisha shosho wake Wambui akasimama na fimbo yake akakuambia kwa kile Kiswahili cha mashambani, ili na mimi wa kutoka magharibi nisikie: "Mwalimu, peleka watoto. Lakini watoto hapana hesabu." Watu wakaitikia kwa sauti. Nilijua wazee wenu hawahesabu watu, hata kwetu wazee hawapendi, wanasema ukimhesabu mtu umemwita ubaya. Lakini hili lilikuwa zaidi ya mambo ya kale. Wale watu walikuwa wametoka kwenye emajensi ya wakoloni. Walihesabiwa asubuhi wakitoka kijijini na jioni wakirudi, kila siku, na wewe mwenyewe kule kizuizini ulihesabiwa umechuchumaa, watano watano, mpaka kifua kikakuharibikia kwa baridi ya sakafu. Hukuwahi kunisimulia mengi. Lakini siku hiyo ulimjibu shosho bila kufikiri hata kidogo: "Hakuna mtu atakayewahesabu watoto hawa, mama. Mimi nimekataa kabla yako."

Ndipo ukaja na mambo ya vikombe. Kila mtoto aje na kikombe chake cha bati, na mzazi afunge uzi au kitambaa kwenye mkono wa kikombe ili kijulikane. Kambini tutafunga kamba kati ya miti miwili, vikombe vyote vining'inie hapo. Wakati wa chai kila mtoto anachukua chake. Uliniambia mara moja tu, tukiwa kwenye stesheni ya Ruiru tukingoja treni, watoto wamekaa juu ya magunia ya unga: "Kikombe kikibaki kwenye kamba, mtoto amebaki njiani." Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, sikuwa na udhuru huo.

Mwalimu, zile siku tatu za kwanza! Nikifa na mimi, nitaomba nirudishiwe hizo. Treni ilitutoa alfajiri na kutushusha Naro Moru watoto wakiwa weusi kwa moshi kama wapishi. Tukatembea mpaka mguu ukakataa. Kwenye uwanja wa kambi, ndani ya msitu, ulipiga mahema kana kwamba umezaliwa humo, na mimi nikasonga ugali. Watoto wako wa Kikuyu wakautazama ugali wangu. Ukawaambia, "Kuleni, huu wa Wekesa ukibaki tutajengea ukuta." Walicheka mpaka mmoja akamwaga mboga. Usiku baridi iliwafanya walale wamebanana wote upande mmoja wa hema, na asubuhi hakuna aliyetaka kutoka mpaka uliposema uji uko tayari, nao haukuwa tayari.

Siku ya tatu tulipanda. Tukapita mianzi, tukafika kule juu kwenye nyasi na tope, na mawingu yakafunguka. Kilele kikawa pale pale mbele yetu. Kisha Wambui akauliza, "Mwalimu, nani alimwaga chumvi?" Ulivua kofia yako ukamvika yeye, ukasema swali zuri kama hilo linastahili kofia. Nilikutazama wakati huo. Ulikuwa na uso wa mtu aliyelipwa.



Tulipoanza kuteremka mvua ikaja, na mvua ya mawe ndani yake. Mpango ulikuwa wewe mbele na mimi nyuma. Lakini mtoto mmoja alichubuka mguu, nikambeba, na watoto wakaanza kukimbia makundi makundi kuelekea kambini, na mimi kwa kukimbia na mzigo mgongoni nikajikuta katikati, kisha mbele. Wambui alikuwa amevaa raba za dada yake, zile za kuazima, kubwa kuliko miguu yake. Moja ikanaswa kwenye tope. Akaona haya kutuita kwa sababu dada yake alimwambia akizipoteza asirudi nyumbani. Akabaki akiichimbua kwa mikono, na ukungu ukashuka. Hayo tuliyajua baadaye.

Kambini ilikuwa saa kumi, chai iko motoni, watoto wanatetemeka. Kila mmoja akarukia kikombe chake. Wewe ulikuwa ukishikilia hema lililotaka kuruka na upepo. Wakati huohuo akaja askari wa hifadhi, mzee wa Kimeru, amelowa mpaka mifupa, kutazama kama tuko salama. Mwalimu, wewe unajua tulivyolelewa. Mgeni hawezi kusimama kwenye moto wako mikono mitupu. Nikanyoosha mkono kwenye kamba, nikashika kikombe kilichokuwa hapo, nikamjazia chai. Sikukitazama. Nilikuwa nikimtazama mgeni, nikimwambia pole, karibu, pole.

Akanywa. Akaniuliza, "Watoto wote wamefika?" Nikageuka nikatazama kamba. Kamba ilikuwa tupu. Nikasema, "Wote wamefika, mzee."

Na wewe ulipomaliza na hema ukaja, ukatazama kamba kama ulivyokuwa ukitazama kila jioni, ukaiona tupu, ukakaa chini ukavua viatu. Nakumbuka ulivyoguna kwa raha miguu ilipofika kwenye moto.

Saa mbili nzima zilipita. Ni msichana aliyelala naye blanketi moja ndiye aliyeuliza Wambui yuko wapi. Sitasahau ulivyorudisha miguu kwenye viatu vilivyolowa. Ulichukua tochi na yule askari. Mimi uliniambia, "Kaa na hawa. Wasione unaogopa." Mlirudi alfajiri, yeye mgongoni mwako amevaa koti lako na sweta yako, na wewe umebaki na shati moja lililoganda. Alikuwa amekaa chini ya mti akiwa na viatu vyote viwili mkononi.

Uliishi wiki tano tu. Nimonia, walisema, na kifua kilikuwa kibovu tangu zamani. Kila Jumamosi nilikuja Thika kwa miguu nikiwa nimejiapia kwamba leo nitamwambia. Kila Jumamosi ulinishinda kwa kuniuliza habari za darasa la nne. Kisha ikaja Jumamosi ambayo kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Baada ya hapo nilijiambia mambo mengi. Kwamba kusema hakutakurudisha. Kwamba Mama Nyokabi ana huzuni ya kutosha. Nilikuwa nikila kwake kila Jumapili baada ya kanisa, nikimpasulia kuni, nikijiona mtu mwema. Hapana. Nilikuwa mwoga. Nilijua siku nikisema, kijiji kizima kitanitazama, na nilipenda kupendwa.

Lililonivunja ni hili. Wiki iliyopita nilikuwa nikishuka njia ya mtoni nikamwona Wambui akipanda na mtungi. Aliponiona aliingia kwenye kahawa, akachutama nyuma ya mti mpaka nipite. Maji yalikuwa yakimwagika mgongoni lakini hakusogea. Mtoto wa miaka kumi na moja, Mwalimu, ananificha uso mimi! Nilipita. Hata siku hiyo nilipita, nikafika mtoni, nikakaa kwenye jiwe nikalia kama mtoto mwenyewe.

Jumatano nilikwenda kwa Mama Nyokabi. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilimwambia yote kwa kusimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitatafuta maneno laini. Hakuinua uso. Alichambua, akachambua, halafu akasema, "Alijua, Wekesa."

Sikuelewa. Akanieleza. Alfajiri ile mliporudi ulikwenda kumtafutia Wambui kikombe chake umpe chai ya moto, ukakikuta kwenye gogo alipokuwa amekaa askari, uzi wake wa bluu kwenye mkono, masalio ya chai yamekauka ndani. Ukakiosha. Nilikuona ukikiosha! Nilikuona, nikajiambia hajui. Kisha ukiwa hospitalini ulimwambia mkeo, "Usimwambie kijana kwamba najua. Ataacha kazi arudi kwao, na ni mwalimu mzuri."

Nililia mpaka nikaona haya. Halafu, nikiwa njiani kurudi, nikakukasirikia. Ndiyo, wewe, marehemu, nilikukasirikia kwa sauti, peke yangu barabarani. Ulinisitiri mimi, mtu mzima mwenye ndevu, na lawama ikatafuta pa kutua, ikatua juu ya mtoto. Laiti ungenifokea! Laiti ungenivua ualimu pale pale kando ya moto! Najua hukujua yatakayompata. Najua ulikuwa mgonjwa, na ulifanya kwa upendo. Lakini nimekukasirikia, na sitakuandikia uongo kwa sababu tu umekufa.

Alhamisi wazazi waliitwa shuleni waamue kama watoto watakwenda tena mlimani Agosti hii. Mwalimu mkuu alizungumza vizuri. Kisha nikasimama nikawaambia. Niliwaambia habari za kikombe, mgeni, na yale maneno, "Wote wamefika, mzee." Niliwaambia Wambui alifanya kosa la kitoto, na mimi nilifanya kosa la mtu mzima kisha nikamwachia alipe.

Baba mmoja akaniuliza, "Na miezi yote hii ulikuwa unakula kwa mjane?" Nikasema ndiyo. Mama Nyokabi alikuwa amekaa mbele. Alisema tu, "Mimi nimekwisha sikia, na Jumapili atakuja kula." Wengine walinung'unika, wawili wakatoka. Wana haki.

Shosho wake Wambui aliinuka. Alichukua fimbo yake, akaja mpaka nilipo, akanishika mkono wa shati. "Twende. Sema kwake, si kwa sisi."

Tulitembea mpaka kijijini. Wambui alikuwa mlangoni akimenya viazi. Aliponiona alitaka kuingia ndani, shosho akamwambia kaa. Nikachuchumaa tulingane. Nikamweleza polepole kwamba kikombe chake kilibaki kwenye kamba kikimwitia watu, na mimi ndiye niliyekitoa. Kwamba kama ningekitazama, Mwalimu angekwenda kumtafuta kungali jua, kabla baridi ya usiku haijaingia.

Alimaliza kumenya kiazi alichokishika. Kisha akauliza, "Kwa hivyo angejua mapema?"

Nikasema ndiyo.

"Na angepona?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, lakini huenda. Aliinama. Akasema, "Mimi nilimwambia alichukue koti lake. Nilimwambia mara nyingi. Alikataa." Halafu akalia. Shosho alinambia baadaye kwamba hajawahi kulia, hata siku ya kukuzika. Alimlilia shosho, kichwa kwenye magoti yake, hakunigeukia mimi, na ilikuwa sawa. Sikumwomba msamaha siku hiyo. Nilihisi nikimwomba nitakuwa namwongezea kazi.

Nilipoinuka kuondoka shosho alinifuata mpaka kwenye ua. Aliniambia, "Kama mtaenda mlima, wewe hesabu." Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamkumbusha ahadi yako kwake. Akatikisa kichwa. "Hesabu. Mimi taziba masikio yangu hapa nyumbani siku zote mpaka mrudi. Lakini wewe hesabu." Mwalimu, sijui kama utakubali. Mimi nimekubali, kwa sababu ni yeye aliyesema.

Ijumaa nilisoma rejista ya darasa. Jina la Wambui sikuwahi kulifuta. Kila asubuhi nililiruka, macho yangu yakikimbilia jina linalofuata. Ijumaa nililisoma kwa sauti, sijui kwa nini, maana kiti chake nilikiona kitupu nilipoingia. Sauti ikajibu kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama pale na vumbi la njiani miguuni, hana viatu. Mvulana mmoja akafungua mdomo aseme lile neno lao, mwenzake akamkanyaga mguu chini ya dawati. Alikwenda akakaa mahali pake. Hakunitazama kutwa nzima.

Kwa hivyo tutakwenda Agosti, watoto tisa mpaka sasa. Umeona, nimeanza kuhesabu. Yeye hajasema kama atakuja, na sitamuuliza. Nimekuandikia haya yote ili usiyasikie kwa mwingine, na ili usiendelee kunificha huko uliko. Imetosha, umenisitiri vya kutosha. Pumzisha kifua chako sasa.

Nakuahidi kitu kimoja tu, maana ahadi nyingi sitaziweza. Siku nitakapokosea tena, na nitakosea, jina langu ndilo litakalotajwa kwanza, na mimi ndiye nitakayelitaja, jioni ile ile, kabla mtoto yeyote hajalala na kosa langu.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Nimekukosa kuliko nilivyojua kwamba mtu anaweza.

Kijana wako,
Wekesa